Siku niliyosema mupunga iko kavu

Siku ya tano, saa kumi ya jioni. Jua iko, lakini minye silisadiki. Tangu asubuhi mawingu yanashuka kutoka milimani, yanafika juu ya kartie, mutaa wetu, yanaangalia watu, kisha yanarudi kama mukaguzi wa soko aliyesahau kalamu. Upepo wa ziwa unanuka ndagala mbichi.

Nimekaa mbele ya mashini yangu ya kukoboa hapa Nyamianda, mu Uvira. Motere imezimwa lakini ingali moto. Ukiweka mukono juu yake unaona kama unashika mugongo wa ng'ombe aliyetoka kutembea mbali. Ninaandika kwa kidole kimoja. Minye nilisoma darasa tatu tu, na la tatu sikulimaliza, lakini wale waliomaliza yote wanakuja kwangu kukobolesha mupunga wao. Kwa hiyo nani alisoma vizuri, sijui.

Ukurasa huu alinifungulia Neema, binti yangu anayetunza wagonjwa kule Kalemie. Alisema: Papa, kila siku unanipigia telefone kugombeza dunia, unite zinaisha, afazali uandike, watu watasoma. Na kweli wanasoma. Niliandika hapa namna nilivyozika motere hii wakati wa vita, mu shamba langu la mihogo. Niliipakaa grisi, nikaifunika na majani ya migomba, nikapanda mihogo juu. Askari walikuja, wakang'oa mihogo ya pembeni, wakala, wakalala pale siku mbili, na hawakujua wanakanyaga nini. Habari ile watu waliipenda. Nilionekana mwanaume.

Ya leo sitaonekana muzuri.

Minye niliogopa.

Neno lile nimelifuta mara mbili na mara mbili nimelirudisha. Basi likae.

Nianze na jino, juu ya wale wasionijua. Mupunga ukija ku mashini, kwanza unaumwa. Unatoa punje chini kabisa ya gunia, maana juu kila mutu anaweka ile nzuri, unaitia katikati ya meno ya nyuma, unabana. Punje iliyokauka inalia: ka! Inapasuka mara moja kama kijiti. Ile mbichi hailii. Inalala tu chini ya jino, inapondeka kama mutu mwenye haya. Ukikoboa mupunga kavu, muchele unatoka muzima, mweupe, murefu. Ukikoboa mubichi, unavunjika vipande vipande, pumba inaganda, na kile kinachotoka ni chakula cha kuku na uji wa watoto.

Kuna watu wanatia mukono mu gunia tu, wanasema wanajua. Wengine wananusa. Minye ninauma, na kwa miaka yote niliyo hapa jino langu halijadanganya mutu. Kuna mama alitoka mbali, akapita mashini ine ku njia, akasema anataka yule muzee anayeuma. Hiyo siisemi kwa kujisifu. Inajulikana.

Sasa, hali ya mwaka huu kila mutu anaiona. Njia ya Bukavu, siku moja gari zinapita, siku ingine hazipiti. Mupaka wa Bujumbura leo wazi, kesho umefungwa. Banki zimefunga milango, wenye mushahara hawana mushahara, na mutu asiye na mushahara hanunui ndagala, na muvuvi asiyeuza ndagala hanunui muchele. Mazuti ya motere tunauziwa ndani ya chupa kama dawa ya kikohozi.

Lakini haya yote hayakuniogopesha. Niliona mabaya zaidi. Kilichoniogopesha ni kinu.

Mwezi uliopita, asubuhi moja, nilikuwa ninanywa chai, nikasikia tu, tu, tu. Nikauliza bibi yangu, Mama Neema: hiyo ni nini? Akasema: jirani anatwanga mupunga. Nikacheka. Kinu! Mu Uvira! Kiisha siku mbili, vikawa vinu vitatu. Kiisha juma moja, ukisimama ku njia unasikia kartie nzima inatwanga, wamama wanapokezana michi na kuimba. Kwao ni kazi ya kuokoa franka kidogo. Kwangu kila pigo lilikuwa linaanguka hapa, chini ya kifua.

Na minye, muzee muzima, nilifanya nini? Nitasema yote. Nilimwambia Kashindi, mutu wangu wa mashini, awashe motere. Akauliza: tukoboe nini, muzee? Nikasema: washa. Tukaiacha inaunguruma saa nzima bila punje moja ndani, ili kartie isikie kama niko na kazi. Mazuti inaungua bure. Mama Neema alitoka jikoni na mwiko mukononi, akasimama pale ku mulango.

"Papa Neema, unakoboa nini? Upepo?"

Kashindi alikuwa anaangalia miguu yake.

Siku ile ile nilimukaripia Kashindi juu ya kitu cha bure, ufagio sijui umewekwa wapi. Ninakumbuka nilisema: kuanzia leo, mutu atakayeongea vibaya juu ya mashini hii mbele ya muteja, ataenda kwake akae huko. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilifikiri ninalinda biashara.

Basi ikafika siku ya kwanza ya juma hili.

Siku tano zilikuwa zimepita bila muteja hata mumoja. Saa tatu nikaona mama anashuka ku moto, zile pikipiki za kubeba watu, na moto ingine nyuma yake imebeba gunia. Ni Mama Bahati wa Luberizi. Alifiwa na bwana yake miaka mbili iliyopita. Kule kwao mashini imesimama juu ya kukosa mazuti, na kijana wake anaoa siku ya posho, yaani kesho, Jumamosi. Bibi arusi anatoka Katogota. Mama Bahati alikuja na gunia mbili za mupunga wa shamba lake mwenyewe, ndio chakula cha kupokelea wakwe. Atalala hapa Nyamianda kwa dada yake, Mama Faida, kisha arudi na muchele.

Unapaswa kujua watu wa Katogota. Wamezaliwa mu mupunga. Ukiwapa sahani, kabla ya kula wanaangalia punje. Ukiwapa muchele uliovunjika ku arusi ya binti yao, hawatasema kitu, watakula na watashukuru, lakini yule binti ataambiwa mpaka wajukuu: kwenu mulipokelewa na chakula cha kuku.

Yote haya Mama Bahati alinieleza akiwa angali anafungua kamba ya gunia. Kisha akasema: "Papa, uma."

Nikaingiza mukono mpaka chini. Nikauma.

Haikulia.

Nikachukua ya gunia la pili. Haikulia. Mvua za mwisho zilimupata, ilikuwa wazi. Ilihitaji siku mbili za jua juu ya shitingi la plastiki, na siku mbili zilikuwepo. Nilipaswa kusema: mama, anika, siku ya tatu tutakoboa. Maneno sita tu. Nimeyasema mara elfu mu maisha yangu, hata kwa mukubwa wa askari niliyasema, na bunduki yake ilikuwa mezani.

Lakini nilikuwa ninasikia kinu. Na nilikuwa ninaona ku kichwa changu ile mashini ingine karibu na soko, inayopokea kila kitu, kavu na mbichi, haiulizi. Nikawaza: nikimwambia aanike, ataenda kule. Na ataona kule pia wanakoboa. Na atawaambia wengine wa Luberizi. Na minye nitabaki ninakoboa upepo.

Nikasema: "Iko kavu. Mumimine."

Kashindi alikuwa ametia mukono mu gunia la pili. Aliutoa. Aliniangalia kidogo. Kisha akainua gunia, akamimina.

Minye ninajua sauti ya motere yangu kuliko sauti ya watoto wangu. Ilipomeza mupunga ule ikaanza kuguna, kama mutu anayesukuma gari mu matope. Muchele ukatoka rangi ya jivu, nusu yake vipande. Mama Bahati akachota kwa mukono, akafungua vidole. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Papa, imekuwa nini?"

Hapa ndipo ninaona haya zaidi. Uongo wa kwanza ulitoka kwa woga. Wa pili niliutafuta mwenyewe, nikauvalisha koti.

Nikasema: "Ni mbegu, mama. Mbegu hii ni mbaya, haina nguvu. Nani alikupa?"

Akasema: "Shemeji yangu Byamungu."

Nikatikisa kichwa kama daktari.

Na yeye akaamini. "Kama Papa mwenyewe amesema," alisema. Aliamini kwa sababu ya jino langu.

Siku ya pili nilienda kutafuta mazuti, nikapita mbele ya parsele, kiwanja cha Mama Faida. Wadada wale wawili walikuwa wamekaa chini, kila mumoja na lungo juu ya mapaja. Walikuwa wanachagua punje nzima moja moja, kama mutu anayechagua chawa ku kichwa cha mutoto. Gunia mbili! Pembeni kulikuwa na kisahani cha punje nzima. Kisahani. Mama Bahati aliniona akanisalimu vizuri: "Papa, mumeamuka?" Nikaitika, nikapita haraka. Mazuti sikununua. Nilisahau nilikuwa ninaenda wapi.

Jioni sikula. Mama Neema ananijua. Sisi ni wazee, hatufichani kitu isipokuwa kwa saa chache. Nilimwambia. Akasema:

"Ile siku jino lako liliuma nini? Ulimi?"

"Mama Neema, niache."

"Nikuache namna gani? Weye ndiye ulizika motere chini ya askari. Leo umeshindwa na wamama wanaotwanga."

Niliwaza sana maneno yale. Na ninataka kuandika hapa nilichokiona, maana labda kuna mutu anasoma, ana duka lake au mutumbwi wake au cherehani yake, na hali hii inamubana. Bunduki ukiiona unajua ni bunduki. Mwili wote unaamuka, unapata akili ambayo hukuwa nayo. Woga wa biashara haukuamushi. Unakaa na weye asubuhi, unakunywa chai na weye, na unaongea kwa sauti yako mwenyewe. Unasema: usimufukuze muteja. Unasema: kila mutu anafanya hivyo. Unasema maneno ya akili kabisa, na unafikiri ni weye unayefikiri.

Minye miaka yote nilijisifu siogopi. Labda ndiyo sababu sikuutambua ulipokuja. Nani anamutambua mugeni ambaye hajawahi kumupokea?

Siku ya tatu asubuhi nilivaa kofia nzuri, nikaenda kwa Mama Faida. Nilipanga kusema kidogo: kulikuwa na kosa ku mashini, nitarudisha gunia mbili, tumalize. Nilifika, nikamukuta Mama Bahati analia. Dada yake alikuwa amesimama pale na telefone mukononi.

Nikauliza kuna nini.

Mama Faida ndiye alijibu, kwa hasira: "Ni maneno yako, Papa! Alimupigia shemeji Byamungu, akamwambia mbegu uliyonipa ni mbaya, muzee wa Nyamianda ameuma amesema. Byamungu amekasirika. Anasema ametukanwa. Anasema haji ku arusi."

Byamungu huyu ni ndugu wa marehemu. Kazi yake ni kuzalisha mbegu. Watu wa pale bondeni wanachukua kwake. Na kwa sababu baba wa kijana hayuko, yeye ndiye angesimama kama baba, apokee wakwe, aseme maneno. Bila yeye, nani atasimama? Mama mujane peke yake mbele ya watu wa Katogota?

Gunia mbili zangu zilikuwa zimekuwa kitu kidogo.

Nikasema: "Mupigie."

Telefone ya Mama Faida imeharibika, haisikiki mpaka uifungue sauti yote. Kwa hiyo kila mutu wa parsele alisikia, na majirani wawili waliokuwa wanatwanga waliacha michi ku kinu, wakasogea.

"Ni nani?" sauti ikauliza.

"Ni minye, muzee wa mashini ya Nyamianda."

"Yule anayeuma?"

"Yule yule."

"Ehe. Sema."

"Mbegu yako iko nzuri. Minye ndiye nilikosa."

"Ulikosa namna gani? Uliuma punje?"

"Niliuma."

"Ililia?"

"Haikulia."

"Na ukamimina?"

"Nikamimina."

Kule kwake nilisikia ndama analia.

"Basi mbegu mbaya ni weye," Byamungu akasema.

Wamama wakapasuka. Mama Faida alicheka mpaka akakaa chini. Hata Mama Bahati, machozi yakiwa bado ku mashavu, alijifunika mudomo na kitenge. Nilikuwa na maneno ya kumujibu, mazuri, yenye miiba, minye sikosi maneno. Yalifika ku meno yakarudi.

Nikasema: "Ndiyo."

Akasema: "Kesho ninashuka na gunia mbili zangu mwenyewe. Utauma mbele yangu. Na ukisema uongo tena, nitaling'oa lile jino, nirudi nalo Luberizi nilitundike ku mulango."

Ndivyo alivyokubali kuja. Mama Bahati hakunishukuru, na sikumungojea anishukuru. Gunia mbili za mupunga zilizokuwa akiba ya nyumba yangu nilizituma pale jioni ile; ni punje fupi, hazifai kwa wakwe, lakini zitamulisha nyumbani. Ule muchele uliovunjika niliuchukua minye. Mama Neema amekwisha kuupika mara tatu. Kila akiweka sahani anasema: karibu, kazi ya mikono yako.

Siku ya ine, Byamungu akafika. Nilifikiri nitaona mutu mukubwa. Ni kazee kadogo kama kijiti, shati limefungwa mpaka shingoni, ametoka Luberizi juu ya lori la vitunguu. Na ku mashini kulikuwa na watu. Habari ya telefone ilikuwa imetembea kartie nzima, wengine walikuja kutazama tu. Lakini wamama watatu walikuwa na mabeseni ya mupunga! Wateja watatu kwa siku moja. Moyo wangu uliruka.

Nikaingiza mukono mu gunia la kwanza la Byamungu. Nikauma.

Haikulia.

Mungu wangu.

Nikauma ya pili. Haikulia. Nikamwangalia. Alikuwa amekunja mikono, kidevu juu.

"Imekauka tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilikausha mwenyewe. Mimina."

Na hapa tena, mutu asome vizuri, woga ulirudi, na safari hii ulikuwa na sababu zaidi ya mara ya kwanza. Arusi ni siku ya posho. Muzee huyu ana hasira, amekuja kwa shida, nikimwambia mupunga wake mubichi ataondoka. Wamama wa mabeseni wanatazama. Na yeye mwenyewe anasema mimina! Kosa likitokea litakuwa lake. Nilisikia sauti ile ya akili, sauti yangu, ikisema: umesamehewa, usianze tena.

Nikasema: "Siwezi. Iko mbichi."

"Nini?"

"Iko mbichi."

"Ya shemeji yangu uliimimina, ya kwangu unakataa?"

"Ndiyo."

Watu wakaguna. Nikachukua punje chini ya gunia, nikamupa. "Uma weye."

Akauma. Akabana mara mbili. Akatafuna polepole, akaangalia ziwa, kama mutu anayetafuta mutumbwi wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Ilitunyeshea ku barieri ya njiani. Tulisimama pale saa mbili. Nilifunika vitunguu vya mwenye lori, nikafikiri gunia zangu ziko katikati."

Hakuna aliyecheka. Tukatandaza shitingi kando ya njia.

Wale wamama watatu walitia mikono mu mabeseni yao. Wawili wakabeba, wakaenda kwenye mashini ya karibu na soko. Niliwaona mpaka wakakata kona. Sitasema sikuumia. Wa tatu alikaa, akamwaga mupunga wake pembeni ya shitingi letu, akasema yeye hana haraka.

Kwa hiyo jana yote, na leo mpaka saa sita, wazee wawili tulilinda mupunga. Tuliugeuza kwa miguu, tulifukuza mbuzi, tuliangalia mawingu. Mara mbili tulikunja shitingi mbio mbio kwa matone machache, na mara mbili mvua ikatucheka ikaenda zake. Byamungu ni mutu wa kubisha. Anasema mbegu yake inashinda yoyote kutoka Luberizi mpaka Katogota. Nilimwambia motere yangu ni ya zamani kuliko watoto wake na inawaheshimu zaidi. Tulisikilizana vizuri.

Kisha nikamuuliza: "Mwaka huu umepanda mashamba yote?"

Akageuza mupunga kwa kisigino. "Ya chini sikupanda. Nilisema maji ni machache."

"Maji yalikuwa machache?"

"Maji yalikuwa tele," akasema. "Niliogopa nitavuna nani anunue."

Mutu wa mbegu aliogopa kupanda, mutu wa jino aliogopa kuuma. Tulifukuza mbuzi.

Saa sita tukauingiza mupunga kivulini upoe, maana ukiukoboa ungali na moto wa jua unavunjika pia. Saa nane nikauma. Byamungu akauma. Mama Bahati naye akataka kuuma. Ka, ka, ka, sote watatu, kama panya. Motere ikaimba. Muchele ukatoka muzima, na wa Byamungu ni murefu kweli, siwezi kukataa, ingawa mbele yake nilisema tu si mubaya. Mama Bahati akatia mukono ndani mpaka ku kiwiko.

"Huu ndio," alisema.

Wameondoka saa tisa, wote wawili, na muchele wao. Njia iko wazi leo. Nimeomba ibaki wazi mpaka kesho.

Nilifikiri habari itaishia pale, na mwanzo wa kuandika nilitaka kuiishia pale. Lakini walipokwenda, Kashindi alibaki anasafisha chekeche na burashi. Miaka kumi na kenda tuko pamoja. Ana nywele nyeupe sasa, sijui zilianza lini. Nikamuuliza:

"Siku ya kwanza ulitia mukono mu gunia la Mama Bahati. Ulijua?"

"Nilijua, muzee."

"Mbona ulinyamaza?"

Aliendelea kupiga burashi.

"Nilikuogopa," akasema. "Ulisema mutu akiongea vibaya aende kwake. Kwangu kuna watu saba, muzee. Ningeenda kuwaambia nini?"

Kisha akaweka chekeche mahali pake, akaniaga, akaenda.

Basi nimekaa hapa. Wakati wote nilifikiri ule woga ni wangu, nimeubeba peke yangu kama mwanaume, na nikajisifu hata kwa hilo. Kumbe nilikuwa nimemupakulia Kashindi sehemu yake, kubwa kuliko yangu, na yeye hakuwa na mahali pa kuuweka. Kama angesema neno moja siku ile, neno moja tu, iko mbichi, nisingepata nguvu ya kumimina. Lakini minye mwenyewe nilikuwa nimemufunga mudomo.

Hali haijakuwa nzuri. Leo nimekoboa gunia mbili na beseni moja, na za wageni wa arusi sikulipisha. Juma lijalo sijui kama kuna mutu atakuja. Wale wamama wawili labda hawatarudi. Ninaogopa, na sasa neno lile ninaliandika bila kulifuta.

Kesho nitafungua saa kumi na mbili, nitamukalisha Kashindi, nitamwambia: kuanzia leo gunia likifika, tia mukono kwanza weye, useme unachokiona, kwa sauti, muteja asikie, hata kama minye nimekwisha kusema kitu kingine. Hilo ninaliweza. Nimekwisha kutafuta maneno.

Ila siku atakaposema kweli, mbele ya watu, "Muzee, umekosa," nitanyamaza nimusikilize?

Sijui. Sijawahi kujaribu.